Picha zinarudi na giza: ninunue skrini gani kwa pesa kidogo?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na picha za watu binafsi, huu ni mwaka wa pili. Kamera ninayo nzuri na lenzi mbili zinanitosha. Tatizo langu liko mezani. Nahariri kwenye laptopu ileile niliyonunuliwa wakati nasoma, na siku hizi naona kama inanidanganya.

Nikimaliza kuhariri, picha inapendeza. Nikiipeleka kuchapishwa, inarudi na giza: suti ya bwana harusi imekuwa bonge moja la weusi, mikunjo haionekani. Nikimtumia bibi harusi kwenye simu, ananiuliza kwa nini uso wake umekuwa rangi ya chungwa. Narudi kwenye laptopu, naona uso uko sawa kabisa! Halafu nikikisukuma kioo nyuma kidogo, picha hiyohiyo inapauka. Nikikivuta mbele, inakolea. Sasa sijui kikae vipi ndipo nikiamini.

Nimeamua kununua skrini ya kuunganisha na laptopu. Pesa niliyotenga si nyingi, na ushauri ninaopata unanichanganya. Shemeji yangu, mpenzi mkubwa wa gemu, anasema nichukue ya inchi 32 iliyopinda, Hz 165, yenye HDR, eti nitafurahi. Mwenzangu kazini anasema mpiga picha asiye na skrini ya Adobe RGB ya biti 10 anapoteza muda, bora nikusanye pesa hata miaka miwili. Muuzaji naye kanionyesha karatasi imejaa tarakimu: kontrasti 50,000,000:1, asilimia 72 ya NTSC, rangi milioni 16.7. Nimetoka pale hata sijui nilipaswa kuuliza nini.

Nitazame nini, niache nini? Na je, kweli nisubiri?

Ni mimi,
Mwenye laptopu moja

*

Ndugu yangu, usisubiri miaka miwili. Ila kabla hujatoa pesa, yatenganishe malalamiko yako, maana dawa yake si moja. Giza la picha zilizochapishwa halihitaji skrini mpya. Uso wa rangi ya chungwa utapona kwa sehemu kubwa ukiwa na skrini inayofaa. Kioo kinachobadilika kila ukikigusa, hicho ndicho hasa cha kutolea pesa.

Tuanze na giza, kwa sababu unaweza kulishughulikia leo usiku bila kununua kitu. Skrini nyingi hutoka kiwandani zimewekewa mwangaza mkali, kandela 250 hadi 350 kwa kila mita ya mraba, ili zing'ae zikiwa zimepangwa dukani chini ya taa nyingi. Karatasi haina taa ndani yake. Inategemea mwanga wa chumba tu. Ndiyo maana wanaohariri kwa ajili ya kuchapisha hukaa kwa kawaida kati ya kandela 80 na 120. Ukihariri kwenye 300, macho yanaona picha inawaka kupita kiasi, mkono unaivuta chini, na faili inayokwenda kuchapishwa inaweza kuwa na upungufu wa stopu moja (nusu ya mwanga) au zaidi. Kwa hiyo usiwalaumu wachapaji haraka. Kuna uwezekano mkubwa suti ile ilizama mezani kwako.

Utasema huna kipimo cha mwangaza. Unacho, ni kamera yako. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo kizima. Weka kamera kwenye manyuali: ISO 100, f/4, shata 1/60. Sogea mpaka weupe ujaze fremu yote, vuruga fokasi, kisha shusha mwangaza wa kioo taratibu mpaka mshale wa kipima mwanga usimame kwenye sifuri. Hapo uko karibu na kandela 120. Ukitumia shata 1/50, utaangukia kwenye 100 hivi. Kamera hutofautiana kidogo, kwa hiyo usiapie namba hizo, lakini kwa kazi yako zinatosha kabisa. Dakika chache za mwanzo kioo kitaonekana kimefifia na utatamani kukirudisha juu. Usikirudishe, macho yatazoea.

Sasa fungua ile picha ya bwana harusi iliyorudi na giza. Ukiiona na giza hata kwenye kioo, umeshajua ugonjwa ulikuwa wapi. Ukiiona bado iko sawa, nenda kaulize pale unapochapisha kama mashine yao inarekebisha picha yenyewe, maana ziko zinazofanya hivyo, na uombe nakala moja ndogo bila marekebisho yoyote. Na ukiikagua, ikague chini ya mwanga wa kutosha, si kwenye korido.

Tuje kwa bibi harusi. Ni kweli simu nyingi za leo zina vioo vya OLED (pikseli zinazojiwashia mwanga zenyewe) vilivyowekwa kwenye hali ya rangi kali, na simu ya mteja huna mamlaka nayo. Lakini nashuku laptopu yako ina mkono wake hapa. Laptopu za bei ya chini mara nyingi huwa na paneli (kioo chenyewe kinachotoa picha) inayoandikwa asilimia 45 ya NTSC. Hicho ni kipimo cha zamani sana cha upana wa rangi, kilichotokana na mfumo wa televisheni ya rangi wa Marekani wa mwaka 1953, lakini watengenezaji bado wanakipenda. sRGB, yaani seti ya rangi inayotumika kwenye intaneti na kwenye vifaa vingi, ina eneo linalolingana na kama asilimia 72 ya NTSC. Piga hesabu: paneli ya asilimia 45 ina kama sehemu sita tu kati ya kumi za eneo la sRGB. Wekundu wake umepauka, machungwa yake yamepauka. Wewe unaona ngozi haina uhai, unaongeza ukolezi, unaongeza joto la rangi, mpaka kioo chako dhaifu kiridhike. Kisha faili inafika kwenye simu inayoweza kuonyesha kila ulichoongeza. Bibi harusi alikuwa anaona picha uliyoitengeneza kweli; aliyekuwa haioni ni wewe.

Kifaa cha kupimia rangi hakiwezi kuiokoa laptopu ya namna hiyo. Kinaweza kurekebisha weupe na mpangilio wa rangi zilizopo, lakini rangi ambayo paneli haina, haiiongezi. Ni kama fundi cherehani mwenye futi iliyokatika ncha: anaweza kujifunza kukadiria, lakini zile sentimita hana.

Kwa hiyo, ndiyo, nunua skrini. Neno la kwanza la kutafuta kwenye karatasi ya muuzaji ni IPS. Paneli ziko za aina tatu kuu. TN ndiyo ninayoihisi kwenye laptopu yako, kwa sababu inapauka na kukolea ukisogeza kioo juu au chini; kwa kuhariri picha haifai hata ikitolewa bure. VA ina weusi mzito unaovutia, kontrasti (tofauti kati ya weupe na weusi) ya 3000:1 au zaidi, lakini vivuli vyake hubadilika ukisogeza kichwa, na hata ukikaa tuli, pembe za skrini unaziona kwa mshazari tofauti na katikati. Mtu wa suti nyeusi na ngozi zenye vivuli vya kina, kama wewe, anaishi humohumo kwenye eneo ambalo VA inayumba. IPS ina kontrasti ya chini zaidi, 1000:1 hivi kwa nyingi, na ukizima taa utaona mng'ao hafifu kwenye pembe. Vumilia hilo. Inachokupa ni kwamba rangi unayoiona ukiwa umekaa wima ni ileile utakayoiona ukiegemea kiti.

Neno la pili ni sRGB, asilimia 99 au 100, limeandikwa hivyo waziwazi. Ile asilimia 72 ya NTSC uliyoonyeshwa inaweza kuwa ni kitu hichohicho, na inaweza isiwe, kwa sababu maeneo mawili yanaweza kulingana ukubwa bila kukaa mahali pamoja. Akikosa kukuonyesha namba ya sRGB, pita.

Mwenzako wa kazini hasemi uongo, ila anazungumzia kazi nyingine. Adobe RGB, seti nyingine ya rangi, ilitoka mwaka 1998, ina kijani na samawati-kijani pana kuliko sRGB, na mtu anayechapisha mwenyewe kwenye printa ya wino ya daraja la juu, akijua profaili ya kila karatasi (faili inayoeleza rangi zinavyotoka juu yake), atafaidika nayo. Wewe unapeleka picha kwenye simu na kwa wachapaji ambao wengi wao huomba faili za sRGB. Tena skrini yenye rangi pana ina usumbufu wake: kwenye Windows, programu zisizosimamia rangi zitaonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi, na utarudi palepale pa nyuso za machungwa, safari hii kwa gharama kubwa zaidi. Ukiangukia skrini ya rangi pana kwa bei nzuri, hakikisha ina hali ya sRGB kwenye menyu, na hakikisha hali hiyo inakuruhusu kushusha mwangaza. Skrini nyingi hufunga mwangaza ukiingia sRGB, na sielewi hadi leo nani aliona hilo ni jambo la maana.

Biti 10? Biti 8 zina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, ndizo hizo rangi milioni 16.7, na zinatosha. Cha kukwepa ni biti 6 zinazoigiza 8 kwa kupepesa pikseli. Nyingi za bei ya chini zinazojiita biti 10 nazo ni 8 zinazoigiza kwa njia hiyohiyo.

Kontrasti ya milioni 50 ni ya kubadilikabadilika: skrini inapunguza taa yake picha ikiwa na giza na kuiongeza ikiwa na mwanga. Kwa mhariri huo ni uharibifu. Uizime kwenye menyu. HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, kwenye skrini za bei nafuu mara nyingi ni neno la kwenye boksi. Hata alama ya DisplayHDR 400 hailazimishi skrini iwe na taa zinazozimika sehemu kwa sehemu, na bila hizo weusi hauwi weusi. Unapohariri picha za kawaida, HDR ikae imezimwa.

Shemeji mshukuru kwa moyo wake mwema. Inchi 32 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inakupa pikseli 70 hivi kwa kila inchi. Ukikaa umbali wa mkono utaziona moja moja na hutajua kama jicho la mtu liko kwenye fokasi au la. Zilizopinda nyingi ni VA, na mpindo wenyewe unasumbua unapotaka kujua kama mstari wa upeo au ukingo wa ukuta umenyooka. Hz 165, yaani mara ambazo kioo huchora picha upya kila sekunde, ni za kumkimbiza adui kwenye gemu. Picha yako haikimbii, Hz 60 zinakutosha. Akitaka kuja kucheza, aje na skrini yake.

Ukubwa unaokufaa ni inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, au bora zaidi 1920 kwa 1200, ambayo inakuachia nafasi ya vidhibiti chini ya picha na kufikisha pikseli 94 hivi kwa inchi. ASUS ProArt PA248QV ni mfano wa aina hiyo: inchi 24.1, IPS, asilimia 100 ya sRGB, na mtengenezaji anaahidi kosa la rangi lisilofika Delta E 2, kiwango ambacho jicho la kawaida hulitambua kosa kwa shida. Sikulazimishi hiyo; nataka ujue karatasi nzuri inavyosomeka. Kama mfuko unanyoosheka, inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 inakupa pikseli 109 kwa inchi na nafasi ya kuhariri kwa starehe. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 iache. 4K (3840 kwa 2160) ni tamu, lakini laptopu ya masomo inaweza kuhema ikiisukuma pamoja na faili za RAW (picha ghafi za kamera), na kati ya pikseli nyingi na rangi za kweli, kwa pesa yako, chagua rangi.

Usidharau stendi inayopanda na kushuka, na kioo kisichoakisi. Ni vitu visivyosifiwa, lakini skrini inayokukalia chini ya usawa wa macho utaichukia shingo ikianza kuuma.

Kuna njia nyingine kwa mwenye pesa kidogo: skrini ya kitaalamu iliyotumika. Dell UltraSharp zinazotoka maofisini, au EIZO ukiibahatisha, zinaweza kuzidi mpya ya bei hiyohiyo. Ila chagua yenye taa ya LED, si zile za zamani za taa za CCFL (mirija myembamba ya floresenti), ambazo hufifia na kuelekea unjano kadiri zinavyozeeka. EIZO huonyesha kwenye menyu saa ilizotumika, omba kuiona. Na usiinunue bila kuiwasha na kuiacha ipate moto kwa nusu saa.

Pesa yote usiimalize kwenye skrini. Bakiza ya kolorimita, kile kifaa kinachowekwa juu ya kioo kupima rangi, kama za Calibrite au Datacolor. Kwa kuwa kinatumika mara moja kwa mwezi au miezi kadhaa, hakuna sababu kila mpiga picha awe na chake. Changeni watu watatu wanne mnunue kimoja. Programu ya DisplayCAL ni ya bure na inafanya kazi na vifaa vingi. Malengo ya kuiwekea ni weupe wa D65, yaani kelvini 6500 hivi, gama 2.2 (jinsi vivuli vinavyopanda kutoka weusi hadi weupe), na mwangaza wa kandela 100 mpaka 120. Mpaka kipatikane, weka skrini kwenye hali ya sRGB, shusha mwangaza kwa ile njia ya kamera, na uanze kazi. Utakuwa mbele ya ulipo leo kwa mbali.

Siku ya kwanza, pitia menyu na kompyuta uzime kila kinachojifanya kukusaidia: hali ya kuokoa umeme, mwangaza unaojirekebisha, hali ya sinema, na ile taa ya usiku inayofanya kioo kiwe cha njano. Hii ya mwisho huwaponza wengi wanaohariri baada ya saa moja jioni. Ukitumia kebo ya HDMI na weusi ukaonekana kama majivu, tafuta kwenye mipangilio ya kadi ya picha kama umeweka rangi za masafa finyu, 16 hadi 235, ubadilishe ziwe kamili, 0 hadi 255. Meza isitazamane na dirisha wala kulipa kisogo, na taa ya chumba iwe nyeupe ya kawaida na iwe ileile kila siku. Laptopu iweke pembeni ibebe vidhibiti na folda tu. Ukianza kulinganisha rangi za vioo viwili utapata kichaa.

Kisha ikague kabla muda wa kurudisha haujaisha. Jaza kioo kwa kijivu cha kati: kikiwa na upande wa waridi na upande wa kijani, hiyo irudi ilikotoka, kwa sababu hakuna kifaa cha kurekebisha doa la upande mmoja kwa urahisi. Jaza kwa weupe, kisha weusi, wekundu, kijani na buluu, utafute pikseli zilizokufa. Fungua mteremko wa kutoka weusi hadi weupe, uone kama unateremka laini au unaruka ngazi. Mwisho, chukua picha moja ya harusi, ihariri upya kwenye skrini hii, uichape ndogo, uitazame pia kwenye simu mbili tofauti. Boksi na risiti usivitupe mpaka karatasi hiyo irudi mkononi mwako na mikunjo ya suti ihesabike.